Mpaka Mwana Zahara Apate Mtoto

Mkwe wangu alirudi kutoka safari na chupa ndogo ya marashi. Akanitia tone moja kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Nusa, Mama. Langilangi halisi ya Nosy Be." Nikanusa. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikatoka uani nikanawa mkono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Maskini mtoto wa watu, akadhani nimeichukia zawadi yake. Nikamwambia marashi hayana kosa, ni miye tu, harufu ile ikinifikia miguu yangu hainisikilizi. Akacheka, akasema huo ni uzee. Si uzee. Nilikuwa hivi hivi meno ya utotoni yakiwa bado yananing'oka.

Nikisema nilizaliwa utumwani, wajukuu wangu hunitazama kama mtu aliyechanganya mambo. "Bibi, utotoni kwako si kulikuwa na redio? Si kulikuwa na ndege?" Vilikuwepo, na rais alikuwepo, na bendera pia. Sheria ya kuondoa utumwa ilipita kabla mama yangu hajazaliwa, lakini ilipita barabarani, uani kwetu haikuingia. Nyanya wa mama yangu aliletwa Mahajanga, katika nchi ya Wamalagasi, kutoka pwani ya Msumbiji, akanunuliwa na jamaa wa Kikomori wa asili ya kisiwa cha Ngazija waliokuwa na duka la nguo. Nyanya yangu akazaliwa katika nyumba yao, mama yangu akazaliwa humo humo, na miye nikazaliwa humo, katika chumba cha uani kilichoshikana na jiko. Hakuna aliyetufunga wala kutupiga. Lango lilikuwa wazi kutwa nzima, na mama alilipita kila asubuhi kwenda sokoni, akarudi. Neno mtumwa sikulisikia pale hata siku moja. Walituita "watu wetu", nasi tukaona ni jina zuri.

Nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa Mahabibo, karibu na soko, imebanwa na maduka kila upande. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mkubwa, mjane mnene mwenye sauti ndogo ambayo ilitosha kuifanya nyumba yote inyamaze. Wao kwa wao walisema Kikomori. Sisi walitusemesha Kimalagasi cha sokoni. Ilipofika mambo ya sala, biashara au bahari, ndipo yalipojitokeza maneno ya Kiswahili cha zamani ambayo hata wao hawakujua yamefikaje vinywani mwao. Miye nilijifunza yote kwa kusikiliza mlangoni, maana mlangoni ndipo pahali petu.

Chakula cha mchana kilipakuliwa kwenye sinia, likawekwa kwenye mkeka. Mama alisimama pembeni na birika na bakuli, akawanawisha mikono mmoja mmoja, akabaki amesimama mpaka wamalize, kisha akawanawisha tena. Kilichobaki alikirudisha jikoni, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu. Hatukuwa na sufuria yetu. Wala nisimsingizie Bi Mkubwa uchoyo, alikuwa akituachia vya kutosha, na siku za Idi hata nyama. Mama aliniambia chakula kilichopitiwa na mikono mingi hukolea zaidi. Nikaamini kabisa. Nikawa nawahurumia wale wanaokaa mkekani, wanaokila kikiwa bado hakijakolea.

Bi Mkubwa alikuwa na binti wa mwisho, Zahara. Kwa heshima tulimwita Mwana Zahara, ingawa hakuwa ametimiza hata miaka ishirini na ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha kuruka kamba. Akaposwa na Bwana Saidi, karani katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kule Nosy Be. Nyumba ikawa haikaliki. Watu wanaingia, watu wanatoka, vyungu vinaazimwa, na miye nimo katikati yao nikikanyagwa na kufurahi.

Ikawa siku moja Bi Mkubwa akamwita mama. Nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mauwa," akasema, maana ndilo jina la mama, "mtoto wako sasa ana nguvu. Ataandamana na Zahara."

"Inshallah, Bi Mkubwa," mama akasema.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba za namna ile. Bibi harusi hakwenda ugenini peke yake, aliandamana na mtoto wa kike wa "watu wetu" awe mikono yake na miguu yake. Dada yake mama alikuwa ameandamana hivyo na binti wa kwanza wa nyumba hadi mji wa Diego. Mama mkubwa wangu huyo nilimjua kwa jina tu, na haikunipitikia kujiuliza kwa nini.

Kwangu ilikuwa sherehe. Nilipakwa hina mikono na miguu kama bibi harusi. Nikapakwa liwa usoni, nikavikwa kanga mpya ambayo bado ilikuwa ngumu na ikinuka harufu ya duka. Wanawake walinigeuza huku na huku wakinisifu. Nilijua harusi ni ya Mwana Zahara, lakini nilijionea kwamba kipande chake ni changu. Nilicheza ngoma mpaka nikaangushwa na usingizi juu ya mikeka. Mama hakutoka jikoni siku zile zote. Nilipomfuata kumwonyesha hina yangu, alikuwa amejiinamia ndani ya chungu akikikwangua.

"Mama, nitarudi lini?"

Akaendelea kukwangua. "Mpaka Mwana Zahara apate mtoto," akasema. "Akipata mtoto, utarudi."

Basi nikaondoka na neno hilo. Tulisafiri barabarani na majini mpaka nikatapika yote niliyoyala harusini, na Mwana Zahara akanishika kichwa kwa mkono mmoja huku kwa mwingine akijifuta machozi yake.

Dzamandzar ilinuka. Kiwanda kilikuwa kikipika molasi, na harufu ile tamu nzito iliingia ndani ya mito ya kulalia. Miwa ilipochomwa mashambani, masizi meusi yalitua juu ya nguo nilizotoka kuzifua, nikazifua tena. Upepo ukigeuka, ikaja harufu ya langilangi kutoka mahali walipokuwa wakichemsha maua. Harufu mbili hizo zikikutana kichwa kilinigonga. Honi ya kiwanda ililia asubuhi, nikaruka. Ikalia mchana, nikaruka. Sikuwahi kuizoea. Nilikuwa nikizunguka ile nyumba ndogo ya karani kama kuku anayetaka kutaga, mpaka Bwana Saidi akaniuliza kama nina mchango tumboni.

Kumbe shida yangu ilikuwa tumbo, ila la mtu mwingine. Kila asubuhi nikimpelekea Mwana Zahara maji ya kuoga nilimkagua. Tumbo bapa. Wiki zikapita, bapa. Nilikuwa mtoto wa jikoni, na watoto wa jikoni wanajua vitu hutengenezwa kwa kitu gani. Mkate hutoka kwenye unga. Mtoto yumo tumboni, na kinachoingia tumboni ni chakula. Wanawake majirani nao wakanithibitishia, kila wakija kumtembelea walimtania: "Kula, bibi harusi, kula! Mtoto hatoki hewani!" Wakacheka, wakapigana makofi. Miye nilikuwa nimesimama na birika, sikucheka. Nilikuwa nimepata njia ya kwenda nyumbani.

Desturi ilikuwa ile ile ya Mahabibo. Miye ndiye niliyepakua, wao wakala, kilichobaki kikawa changu. Basi nikaanza kumjazia. Nilimwekea Mwana Zahara wali mpaka ukamwagika, samaki nikamgeuzia upande wenye mnofu, tui zito nikamwagia yeye. Akisema ameshiba nilimsihi mpaka akamaliza. Miye nikabaki na ukoko wa chini ya chungu, nikauloweka maji, nikanywa. Njaa niliisikia, lakini ilikuwa njaa yenye kazi, na kila tonge alilomeza nilijiona nimesogea hatua moja kuelekea kwa mama. Mbavu zangu zilihesabika. Yeye mashavu yakajaa, mikono ikajaa, bangili zikaanza kumbana.

"Mtoto huyu ananipenda," alimwambia jirani mmoja, na sauti yake ilikuwa na kilio ndani. "Anajinyima ili nile mimi. Hata mama yangu hakunitunza hivi."

Nikatazama chini. Na jambo la kuchanganya ni kwamba nilikuwa nikimpenda kweli. Alikuwa mpweke. Bwana Saidi alishinda kazini, na Mwana Zahara hakujua mtu. Alasiri aliniita nikae chini karibu na kitanda chake, akanisuka, akanisimulia Mahabibo kana kwamba hatukuondoka wote. Mara nyingine alinichukua mpaka Ambondrona kununua samaki ufukweni. Wakati yeye anabishana na wake za wavuvi, miye nilikimbia huku na huku majini hadi magotini nikitafuta upande gani ndio Mahajanga. Nilimwuliza mvuvi mmoja, akanyoosha mkono kuelekea vilimani, nyuma yangu. Nilikataa. Sikuweza kukubali kwamba nimekuwa nikitazama pasipo na mtu wangu.

Kisha zikaja habari za fujo. Redio ilisema machache, watu walisema mengi. Mahajanga watu walikuwa wakiuawa kwa sababu tu ni Wakomori, nyumba zikichomwa, na walionusurika wakisafirishwa kwenda visiwani kwao, hata wale ambao wazazi wa wazazi wao walizaliwa Mahajanga. Bwana Saidi aliacha kwenda msikitini kwa siku kadhaa. Mwana Zahara hakula. Nilimwekea chakula mbele yake, nikakirudisha kilivyo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikula nikashiba, nikawa na haya hata ya kujilamba vidole.

Baada ya muda mrefu akapita mzee mmoja mwuza vitambaa aliyetoka Mahajanga. Akakaa barazani, akampa Mwana Zahara habari. Bi Mkubwa yu hai, ndugu zake wa hai, wote wamefika Ngazija na nguo walizovaa. Mwana Zahara akamshukuru Mungu, akainama akalia. Bwana Saidi akamshukuru mzee. Mzee akanywa kahawa yake. Nikasubiri. Hakuna aliyeuliza.

"Na mama yangu?" nikasema.

Mzee akanitazama, akajaribu kunikumbuka. "Mama yako nani?"

"Mauwa. Wa nyumbani kwa Bi Mkubwa."

"Aa, yule." Akaweka kikombe. "Yule hawakumgusa, si Mkomori yule. Yupo. Bi Mkubwa alimwambia akae na nyumba mpaka warudi. Yupo peke yake, anafagia."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo, wala sikukaa vizuri. Mama yupo peke yake. Hana tena mtu wa kupikia wala wa kunawisha, lango liko wazi. Kwa nini haji kunichukua? Niliuliza swali hilo nikichota maji, nikiosha vyombo, nikianua nguo zenye masizi. Nikawa namkasirikia kwa nguvu zote za mtoto. Halafu nikakumbuka: si lazima aje yeye. Lililobaki ni lile tumbo tu. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kupakua, nikajaza, nikasihi, na safari hii, alhamdulillahi, tumbo likaanza kutoka. Sikushangaa. Nilijua limetoka wapi.

Alizaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Hamza. Niliposikia kilio chake nilikwenda chumbani kwangu, nikafunga kanga zangu kwenye kitambaa, nikajitia liwa, nikatoka na furushi kichwani, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha mzazi. Kulikuwa na wanawake wengi mle ndani.

"Unakwenda wapi, we mtoto?" mmoja akaniuliza.

"Nyumbani. Mwana Zahara amepata mtoto."

Walitazamana. Mwana Zahara alikuwa amelala, uso umevimba kwa uchovu, Hamza kifuani. Akanitazama bila kuelewa. "Nyumbani wapi? Na huyu nani atambeba?"

"Mama alisema ukipata mtoto nitarudi."

Ndipo wanawake wakacheka. Hawakuwa wabaya, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto akisema jua limeingia majini limelowa. Mmoja, mtu mzima, akanishusha furushi kichwani kwa upole. "Mwanangu," akasema, "wewe hukuazimwa. Ulitolewa. Kitu alichopewa bibi harusi hakirudi." Akaniletea Hamza, akanipakatisha. Alikuwa na joto, ananuka maziwa, na kidole chake kikakikamata changu. Nilimtazama, nikamchukia, na kabla ya magharibi nilikuwa simruhusu mtu mwingine amguse.

Mwaka na zaidi nilimbeba mgongoni. Alianza kutambaa, akaanza kusimama akishika miguu yangu. Miye niliacha kupakua kwa hila, nikawa napakua tu. Lakini kutulia sikutulia. Nilianza kuvunja vitu bila kutaka: kikombe, mtungi, taa. Nilikuwa nikitumwa dukani najikuta nimefika barabara ya kwenda bandari ya Hell-Ville, nimesimama, Hamza mgongoni, sijui nimefikaje. Siku moja Bwana Saidi akaja na uvumi kwamba nyumba zilizoachwa Mahajanga zinaingiliwa na watu. Akasema mkewe aende akaone kama ya kwao bado ni ya kwao. Tukaondoka watatu, Mwana Zahara, Hamza na miye, mashua ya injini mpaka bara, kisha gari, kisha gari jingine, vumbi mpaka kwenye meno.

Nyumba ilikuwa inang'aa. Mtaa mzima ulikuwa na majeraha, kuta nyeusi, maduka yasiyo na milango, na katikati yake nyumba ya Bi Mkubwa imefagiwa, ngazi zimesuguliwa, mapazia yamefuliwa. Mama alitoka kupitia uani akijifuta mikono. Alikuwa amekonda. Akapiga goti, akaubusu mkono wa Mwana Zahara, akampokea Hamza, akambusu, akauliza habari za njiani, habari za Bwana, habari za afya. Ndipo akageuka kwangu.

"Umekua," akasema. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia, nikabaki nimesimama, mikono inaning'inia.

Niliichunguza nyumba yote siku ile. Vitanda vyote vilikuwa vimetandikwa, shuka zimenyooka, hakuna aliyelala juu yake. Sinia na birika viling'arishwa vikapangwa. Mama alikuwa bado analala kwenye chumba cha jikoni, kwenye mkeka ule ule, na kando ya mkeka kulikuwa na kibakuli kimoja. Jirani, muuza maandazi, akaniambia amemshauri mara nyingi aingie ndani alale kama mtu, apangishe hata chumba kimoja. "Mama yako ananijibu kwamba hajaambiwa," akasema, akatikisa kichwa.

Tulikaa siku chache. Mama alipika, akasimama na birika, Mwana Zahara akala peke yake kwenye mkeka mkubwa, Hamza akimwaga wali. Mama na miye tukala kilichobaki. Nilingoja. Sasa nimefika, nikajiambia, sasa yametimia. Kisha mchana mmoja Mwana Zahara akanawa mikono, akasema bila hata kuinua uso, "Mauwa, kesho asubuhi tunarudi. Wewe endelea na nyumba. Mtoto wako namchukua, Hamza hatulii kwa mwingine."

"Inshallah, Mwana," mama akasema.

Nilimfuata jikoni. "Sema kitu!" nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema hapana!"

Alikuwa anasugua sinia kwa jivu. Akasimamisha mkono. "Neno hilo sijawahi kulitoa mbele yao," akasema. "Wala mama yangu. Sijui hata linaanziwa wapi." Akaendelea kusugua. Nilitupa kata ya maji ukutani nikatoka, na siku ile sikusema naye tena.

Asubuhi ya safari niliamka nikaona kuna kitu kimepungua, nisijue ni nini. Kumbe ni moshi. Jikoni mafiga yalikuwa baridi, jivu la jana limetulia. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono mapajani, amefunga kilemba chake vizuri. Nilidhani anaumwa. Nikachukua kuni niwashe.

"Ziache," akasema.

Mwana Zahara akaja mpaka kwenye mlango wa jiko, amevaa kusafiri, Hamza kiunoni. "Mauwa, chai bado? Gari halitungoji."

"Leo sikuwasha moto, Mwana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuni zimekwisha?"

"Zipo."

Mwana Zahara akazitazama kuni, akamtazama mama, akazitazama tena kuni. Hakukasirika, alikuwa amepotea tu. Akanipa Hamza kwa mazoea, akachutama kwenye mafiga na gauni lake la safari, akaanza kuwasha mwenyewe. Hakuwa amewahi kuwasha moto maishani mwake. Alijaza kuni nene bila vijiti, akapiga kiberiti, kikazima, akapiga kingine. Moshi ukamjaa usoni, akakohoa, machozi yakamtoka. "Nisaidie," akaniambia taratibu, kama alivyoniambia mara nyingi kule Dzamandzar. Miguu yangu ilikwisha kwenda. Mama akanikamata pindo la kanga.

"Mtoto anabaki," akasema. Hakumtazama Mwana Zahara wala miye, alitazama jivu. "Nyumba nitaitunza kama mlivyoniambia. Chai nitapika. Lakini mtoto anabaki."

Mwana Zahara akasimama. Masizi yalikuwa yamempaka shavuni. "Mama alinipa," akasema, na kweli alisema kama mtoto. "Sina mtu mwingine kule, Mauwa. Unajua sina."

"Najua, Mwana," mama akasema. "Nami sina."

Muuza maandazi alikuwa akipita nje akinadi. Kisha Mwana Zahara akaja, akamtoa Hamza mikononi mwangu. Hamza hakutaka, akanishika sikio, akalia kwa hasira. Mama yake akamfungua vidole kimoja kimoja. Akanibusu kwenye paji la uso, haraka, akauchukua mzigo wake mwenyewe akatoka bila chai.

Nilitaka kumkimbilia. Kwa muda wote ule nilikuwa nataka kurudi kwa mama yangu, na sasa nilikuwa naye, na kila kilio cha Hamza kilinivuta. Mama akaliachia pindo la kanga yangu. "Ukitaka, wafuate," akasema. "Sikushiki." Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza natakaje, na siku ya kuulizwa sikujua. Nilizunguka ule ua, nikaenda mpaka langoni, nikarudi mpaka kisimani, nikaenda tena langoni, mpaka sauti ya Hamza ikamezwa na kelele za soko.

"Nina njaa," nikasema mwishowe.

Mama akainuka mara moja, kana kwamba alikuwa akingoja hilo tu. Akawasha moto kwa kijiti kimoja. Akapika wali, akapika samaki wa nazi, na kwa kuwa mikono yake haikujua kipimo kingine, akapika wa nyumba nzima. Akapakua kwenye sinia. Akalibeba mpaka ndani, akaliweka kwenye mkeka, akachukua birika na bakuli, akasimama pembeni, mahali pake. Chumba kilikuwa kitupu. Nikaona anavyolitambua hilo polepole. Hakusogea. Akanitazama, akaniashiria kwa kidevu nikae.

Nikakaa. Nikakinga mikono, naye akaninawisha.

"Mama, kaa tule."

"Kula wewe kwanza," akasema.

Nilikuwa na njaa, nikala. Wali ulikuwa wa moto, haujaguswa na mtu, na ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichowahi kula. Alisimama mpaka nikamaliza. Akaninawisha tena, akainama akalichukua sinia na kilichobaki, akaenda nacho jikoni, akashindika mlango. Nikamsikia anakula. Nilibaki pale kwenye mkeka wa Bi Mkubwa, nimeshiba, mikono inachuruzika maji, nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani aliyekufa.